Albamu ya Friji Tisa

Kabla ya kikao cha Jumamosi ile, albamu ya Fundi Baridi ilikuwa imeshasikilizwa mara kumi na moja duniani kote, na mara saba kati ya hizo msikilizaji alikuwa Fundi Baridi mwenyewe. Wasikilizaji wanne waliobaki walimwachia maoni mtandaoni. Wa kwanza aliuliza kama faili limeharibika. Wa pili alisema ameijaribu kwenye spika mbili na sasa hana spika. Wa tatu aliandika kwamba paka wake ametoka nje wimbo wa pili ulipoanza na hajarudi, na yeyote atakayemwona ajue ni wa kijivu. Wa nne hakuandika neno. Aliweka kijipicha cha mtu aliyeziba masikio, halafu, pengine kwa kuogopa kwamba hajaeleweka, akakirudia mara sita.

Fundi Baridi aliyasoma maoni hayo akiwa amechuchumaa nyuma ya friji ya mteja, bisibisi mdomoni. Hakulia, kwa sababu ni vigumu kulia kwa heshima ukiwa na bisibisi mdomoni.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, na kwa kazi hiyo hakuna aliyemlaumu. Alikuwa na mkono mwepesi na aliacha sakafu ikiwa safi. Lakini kwa miaka miwili alikuwa akitembea na kinasa sauti kidogo kama kiberiti, na kila alipoitwa kwenye friji mbovu alikinyoosha kwanza nyuma ya friji, kama daktari anayemwambia mgonjwa avute pumzi, kabla hajafungua hata skrubu moja. Kisha alirudi nyumbani kwa dada yake, akaingia chumba cha mbele, akaitia ile ngurumo kwenye kompyuta. Aliivuta, akaikata, akaigeuza kinyumenyume, akairundika juu ya ngurumo nyingine, mpaka ikawa kitu ambacho yeye alikiita muziki na familia ilikiita "lile jambo la chumba cha mbele". Friji tisa, nyimbo tisa, dakika arobaini na moja. Hakuna aliyeimba humo. Katika wimbo wa sita mlango ulifunguliwa na kufungwa, na huo ndio uliokuwa wimbo mchangamfu.

Tatizo lilikuwa chumba. Dada yake alikuwa mshonaji, na wateja wake walijipimia nguo nyuma ya pazia jikoni, kati ya mtungi wa gesi na friji. Bibi harusi mmoja alikuwa ametoka humo akipendeza sana na kunuka vitunguu.

"Nataka chumba changu," Dada alisema asubuhi moja, mkasi mkononi.

"Dada, nipe muda kidogo. Watu wataielewa."

"Watu gani? Paka wa watu amehama kwao!"

"Nani kakuambia habari za paka?"

Dada alimtazama binti yake. Binti alikuwa ametulia anachunguza dari, kama mtu aliyeahidiwa kuulizwa maswali kuhusu dari. Alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, ambako alikuwa katibu wa klabu ya mdahalo, na tangu ashuke na sanduku lake hakukuwa na ugomvi nyumbani mle uliokwenda bila kumbukumbu. Hata kisa cha nani alimaliza sukari kilikuwa na ajenda.

Dada hakuwa mtu wa kuonea. Aliweka mkasi chini na kutoa masharti, na Katibu akayaandika kwa mwandiko wa mviringo. Jumamosi saa tisa alasiri watu wangeitwa. Akipatikana mtu mmoja, mmoja tu, wa kusikiliza mwanzo mpaka mwisho, halafu kwa hiari yake akaomba ipigwe tena, chumba kingekuwa cha Fundi na Dada asingefungua mdomo tena. Asipopatikana, Jumamosi ya pili yake vyombo vyote vingehamia bandani, kwenye mizoga ya friji.

Banda halikuwa na umeme. Kuhamia bandani hakukuwa kuhama, kulikuwa kuzika. Fundi alilijua hilo, na Dada alijua kwamba analijua.

"Nimekubali," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko alivyoipanga.

Jumamosi ilipofika, chumba cha mbele kilijaa wasikilizaji watano na viti vinne. Shemeji, mume wa Dada, alikuwa mlinzi wa ghala, na mchana macho yake yalikuwa mali ya usingizi. Alipewa kiti chenye mikono ili asianguke. Msusi wa jirani alikuja na kichana kichwani, akasema amewaacha wateja wawili na kichwa kimoja na nusu, kwa hiyo jambo liwe la maana. Dada mwenyewe alikaa karibu na dirisha na gauni la kupinda upindo mapajani. Aliapa mbele ya Katibu kwamba ataketi hapo mpaka mlio wa mwisho, asije mtu akasema ameonewa. Katibu alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Wa mwisho kuingia alikuwa Mzee Kompresa, ambaye jina lake halisi lilisahaulika zamani hata na mkewe. Ndiye aliyemfundisha Fundi kazi, na katika miaka mitatu ya kumfundisha alikuwa amemsifu mara moja, kwa makosa, akidhani ni mtu mwingine. Alitazama waya sakafuni, akatazama spika, akamtazama mwanafunzi wake.

"Nimeambiwa umeanza kuimba."

"Siimbi, Mzee. Natunga."

"Afadhali ungeimba. Kuimba kuna mwisho."

Katibu aligonga kalamu kwenye ndoo. "Waheshimiwa, kikao kimefunguliwa. Albamu inaitwa Mgando. Simu zizimwe. Anayetoka amejitoa."

Fundi alibonyeza, na Mgando ukaanza.

Ulianza kwa mvumo mmoja mzito ambao haukubadilika kwa dakika tatu. Kwa Fundi, dakika hizo tatu zilikuwa kama kuingia polepole kwenye maji baridi, kwanza vifundo, kisha magoti. Aliwatazama wenzake kama na wao wanaingia. Msusi alikuwa anatazama nyuma ya spika kuona kama imechomekwa vizuri.

"Bado inawaka?" Msusi alinong'ona.

"Ndio wenyewe," Katibu alisema.

"Huu?"

"Huo."

Msusi alipumua kwa nguvu. Alivumilia wimbo wa kwanza na robo ya wa pili. Kisha akasimama, akavuta kanga yake, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: "Mimi nimekaa ndani ya tumbo la mtu mwenye njaa. Hivyo ndivyo ninavyojisikia. Fundi, sina ugomvi na wewe, lakini kama hiki ni muziki, basi mashine yangu ya kukaushia nywele ina albamu kumi." Alitoka, ila hakwenda mbali. Aliketi barazani chini ya dirisha, kwa sababu kujitoa kwenye kikao ni jambo moja na kukosa habari ni jingine.

Shemeji alishalala. Dakika ya kumi na mbili alianza kukoroma, na ajabu yake ni kwamba mkoromo ule uliingia vizuri kwenye wimbo wa tatu. Fundi alijikuta anatamani kinasa sauti.

"Mama, aliyelala anahesabiwa kuwa anasikiliza?" Katibu aliuliza.

"Baba yako hahesabiwi hata akiwa macho. Andika."

Dada aliendelea kupinda upindo. Kila wimbo ulipobadilika aliguna, mguno mfupi wa pua. Fundi akaanza kuingoja miguno ile kama mtu anayengoja kiboko. Katika wa tano Dada alisema, bila kuinua macho, "Hapa ni kama mtu anaburuta kabati." Katika wa sita alisema, "Kabati limefika." Katika wa saba hakusema kitu, na hilo lilimuuma zaidi.

Lakini kulikuwa na Mzee Kompresa.

Tangu wimbo wa kwanza Mzee alikuwa amefumba macho. Wimbo wa pili ulimkuta ameinama mbele. Kwenye wa nne alivuta kiti mpaka kwenye spika, akaliegemeza sikio lake pale pale kwenye kitambaa cheusi, mdomo wazi kidogo, na baada ya hapo hakusogea. Mara kwa mara alitoa kipande cha karatasi mfukoni, akaandika neno, akakirudisha. Fundi Baridi alimtazama akasahau hata kungoja miguno ya Dada. Katika miaka miwili hakuna mtu aliyewahi kusikiliza hivyo. Hata yeye mwenyewe hakuwa amesikiliza hivyo. Alianza kufikiri kwamba labda alimkosea Mzee siku zote, kwamba chini ya ule ukali palikuwa na mtu aliyengoja maisha yake yote kusikia friji zikisemeshwa kwa adabu.

Mlio wa mwisho ulikatika. Kimya kilichofuata kilimwamsha Shemeji, akapiga makofi kwa nguvu. "Safi sana! Huo wa mwisho ndio nimeupenda!"

"Huo ni ukimya, baba," Katibu alimwambia.

"Ndio huo huo."

Mzee Kompresa alifungua macho. Aliinua kidole. "Rudisha ule wa nne."

Moyo wa Fundi uliruka. Katibu naye aliruka kutoka kwenye ndoo. "Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba msikilizaji amemaliza, na ameomba kurudiwa, kwa hiari yake, bila kushikwa shati!"

"Ngoja kwanza," Dada alisema. "Nilimaanisha aombe kwa kuupenda muziki. Mzee, umeipenda?"

"Kuipenda?" Mzee alimtazama kana kwamba ameulizwa kama anapenda malaria. Alikunjua karatasi yake. "Wa kwanza, gesi imepungua. Wa pili, feni inagusa barafu. Wa tatu, friji haijakaa sawa, mguu wa nyuma wa kushoto uko juu. Wa tano na wa sita, wazee tu hao, wapumzishwe. Wa saba mpira wa mlango haushiki. Wa nane kuna mtu ameweka sufuria ya moto ndani, mjinga. Wa tisa mipira ya kompresa imechakaa. Huo wa nne ndio unanichanganya. Nataka kuhakikisha."

"Mzee," Fundi alisema taratibu, "hizo ni nyimbo."

"Nyimbo! Miaka mitatu nimekufundisha. Mtu anakuletea mgonjwa anakohoa, wewe unamkalisha kitini, unamwambia hebu kohoa tena nicheze? Rudisha wa nne, bwana."

Fundi aliurudisha. Mlio wa nne ndio alioupenda kuliko yote: kidude cha kuwashia kompresa kilichokuwa kikishika na kuachia, tak, tak-tak, tak, kama mtu mwenye kigugumizi anayekaribia kabisa kusema jambo zuri.

Kabla Mzee hajafungua mdomo, kichwa cha Msusi kilitokea dirishani, kichana na vyote.

"Zima! Hiyo friji naijua. Hiyo friji ni ya kwangu!"

Msusi aliingiza mkono dirishani, akamnyooshea Fundi kidole.

"Fundi! Miezi minne nakuita. Miezi minne unakuja na hilo likiberiti lako unalishika nyuma, unafumba macho, unaniambia friji za aina hii ndivyo zilivyo, nizizoee. Soda zangu zinachemka! Wateja wananiuliza kama nauza chai!"

"Nilikuwa nakuja kuitengeneza," Fundi alisema. "Nilitaka kunasa mara moja zaidi. Ikishatengenezwa, ule mlio haurudi tena."

Ndilo kosa lenyewe, na lilikuwa kosa ambalo fundi mwingine yeyote asingeweza kulifanya, maana asingelifikiria. Wengine huacha friji mbovu kwa uvivu. Fundi Baridi aliziacha kwa mapenzi.

Dada alichoma sindano kwenye upindo, polepole, akaliweka gauni kando.

"Wa tisa," alisema. "Wa tisa ni friji ya nani?"

Jibu lilitoka jikoni, ambako nyuma ya pazia la kujipimia nguo, friji ya nyumba ilikuwa ikigonga kama ilivyogonga mwaka mzima: ko-ko, koo. Ko-ko, koo. Shemeji, aliyekuwa macho kabisa sasa, alitazama sakafu.

"Mwaka," Dada alisema. "Mwaka mzima namwaga maziwa. Watu wananiuliza, wewe si una ndugu fundi wa friji? Nasema ana kazi nyingi, maskini. Namtetea! Kumbe namtetea mtu anayecheza ngoma na maziwa yangu."

"Dada..."

"Usiniite. Jumamosi ijayo, bandani. Na kabla ya hapo friji zote tisa ziwe zimepona."

Mzee Kompresa aliikunja karatasi yake akaitia kwenye mfuko wa shati la Fundi, akaupigapiga. "Anza na ya mama wa nywele," alisema, akaenda zake. Katibu alifunga kumbukumbu kwa maneno haya: waliopenda, hakuna, waliolala, mmoja, waliogundua friji zao, wawili, kikao kilifungwa kwa kelele.

Juma lile Fundi Baridi alitembea na karatasi ya Mzee kama mtu anayetumikia adhabu, na ilikuwa adhabu hasa. Alijaza gesi wimbo wa kwanza. Alikwangua barafu ya wa pili. Aliutilia wa tatu kipande cha ubao chini ya mguu wa nyuma wa kushoto, ambao kweli ulikuwa juu, jambo lililomuudhi. Kila alipomaliza, friji ilishtuka, ikanyamaza, ikaanza kufanya kazi kwa sauti ndogo isiyo na habari yoyote, na mwenye nyumba akafurahi. Hakunasa hata moja. Msusi alimlazimisha kunywa soda nzima mbele ya wateja, baridi mpaka meno yakamuuma, na kila alipopumua alimwambia, "Kunywa, mtunzi."

Ijumaa ilikuwa zamu ya friji ya nyumbani. Mipira minne iliyobeba kompresa ilikuwa imechakaa. Akaitoa, akaweka mipya, akaipangusa kwa kitambaa. Kazi ya dakika ishirini. Ilipowaka alikaa sakafuni akaisikiliza, na hakukuwa na cha kusikiliza.

Jumamosi asubuhi alianza kuviringisha waya. Kompyuta alishaiweka ndani ya boksi, akabakiza spika kwa sababu zilikuwa nzito na kwa sababu mtu huwa anabakiza kitu. Upande wa jikoni alisikia cherehani ya Dada, ile ya kukanyaga kwa miguu. Ilianza, ikasimama. Ikaanza, ikasimama. Kisha ikasikika sauti ya nyuzi zikifumuliwa.

"Hii friji imezimika?" Dada alipaza sauti.

"Inafanya kazi."

Mlango wa friji ulifunguliwa, ukafungwa. Cherehani ikaanza. Ikasimama. Dada akasema neno ambalo Katibu, aliyekuwa akipita na kikombe, aliliandika kwa herufi ya kwanza tu.

"Una hakika inafanya kazi?"

"Dada, gusa maziwa."

"Nimegusa. Ya baridi." Alilisema hilo kama lawama.

Ilipita robo saa. Fundi alikuwa ameinamia spika ya kwanza, mikono imeikumbatia tayari kuinyanyua, alipoona miguu ya dada yake mlangoni. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni, na mkononi alishika mkono wa gauni ulioshonwa ukafumuliwa mpaka kitambaa kikaota manyoya.

"Iweke hiyo chini," alisema.

"Si ulisema ikifika saa nne niwe nimeshatoka..."

"Nimesema iweke chini. Ule wa tisa bado unao?"

Fundi alinyooka taratibu. "Wa tisa?"

"Usinirudishie swali. Miguu yangu imepotea. Mwaka mzima nakanyaga kwa kufuata ile ko-ko yako, sikujua. Sasa nakaa pale kimya kimenizunguka, nashona kama mlevi. Nina magauni sita ya kutoa Jumatatu. Uweke. Mlango uache wazi. Na usifikiri nimeupenda, ni mbaya, ni mbaya mpaka basi."

Katibu alikuwa tayari mlangoni, daftari limefunguliwa mahali pake. Alikohoa kikohozi cha kikao. "Kwa mujibu wa masharti, msikilizaji aliyeketi mwanzo mpaka mwisho, na kwa kiapo, nanukuu..."

"Wewe nitakurudisha shuleni leo."

"...ameomba ipigwe tena. Kwa hiari. Nimeandika."

"Andika kwamba mshonaji ameomba mlio wa friji. Andika hivyo. Muziki sikuutaja." Dada alimgeukia mdogo wake. Alikitazama chumba, waya zilizoviringishwa, boksi la kompyuta, ukuta ambako alishapima kwa macho pa kuweka kioo kirefu. "Kioo nitakiweka nyuma ya mlango," alisema, akarudi jikoni.

Fundi Baridi aliitoa kompyuta kwenye boksi haraka hata akang'oa mfuniko. Akachomeka waya. Ko-ko, koo, ikasema spika, ko-ko, koo, na chini yake ule mvumo aliouburuta kwa miezi mitatu mpaka ukakaa. Jikoni cherehani ilisita, ikanusa njia, ikaingia. Ilikwenda. Mshono mmoja, wa pili, wa tatu, bila kusimama, na yeye amesimama katikati ya waya akiwa hajui aweke wapi mikono.

Kisha cherehani ikasimama ghafla.

"Wewe!" Dada alipiga kelele. "Pale baada ya kile kinachovuma kuingia, mbona inachelewa?"

"Inachelewa wapi?"

"Koo ya pili! Inavutwa! Friji yangu haikuwa inachelewa pale, umeichelewesha wewe. Nimeshona nje ya mstari!"

Ilikuwa kweli. Dakika ya pili, usiku wa kukata tamaa, alikuwa ameivuta koo moja kwa kiasi cha kupepesa jicho, ili mvumo upate pa kuingilia. Hakumwambia mtu. Wasikilizaji wa mtandaoni hawakuligundua, Mzee Kompresa na sikio lake kwenye kitambaa hakuligundua, na paka wa kijivu hakukaa kiasi hicho.

"Ni kosa," Dada alisema tokea jikoni, kwa ukali uleule. "Lirekebishe. Halafu urudie toka mwanzo."

"Sawa, Dada," alisema Fundi, akavuta kiti.